Ufunguo wa Tatu

Wivu wa Fundi Komeo haukuwa wa kelele. Ulikuwa kama kutu: huisikii ikila, mpaka siku unasukuma mlango na bawaba inakubakia mkononi. Kwa miaka ishirini na miwili wivu huo ulikuwa umelala fofofo, kwa kuwa mkewe, mkunga wa hospitali kubwa ya mji, alikuwa na njia moja tu ya kwendea kazini na kurudia, na njia hiyo ilipita mbele ya kibanda cha funguo cha mumewe. Kisha hospitali moja ya ng'ambo ikampa Mkunga kazi ya mwaka mmoja. Wivu ukafumbua jicho.

Aliyekuwa wa kwanza kuuona ni jirani yao wa kibanda cha pili, msusi, mjane mwenye mdomo usiolipiwa ushuru. Msusi alikuwa mtu wa nyumbani. Ufunguo wao wa akiba alikaa nao yeye tangu siku bomba lilipopasuka wao hawapo.

"Fundi, leo umechonga ufunguo wa mteja mara tatu," alisema. "Mwili uko hapa, roho iko uwanja wa ndege."

"Mashine ina matatizo."

"Mashine imeoa?"

Jioni ile mume na mke walikaa mezani na karatasi. Mkunga alikuwa amepata tangazo la nyumba ndogo yenye samani, karibu na kazi, na kesho yake angezungumza na mwenyewe kwa simu ya picha. Mwenzake mmoja wa wodini, aliyewahi kuishi ugenini, alimwonya asiende kichwa kichwa: yeye alikatwa dhamana yake kwa doa la kochi lililokuwapo kabla hajapata hata pasipoti. Kwa hiyo Mkunga aliandika kwa makini maswali saba, kila moja na namba yake, yakiwamo haya. Je, umeme, maji na joto vimo ndani ya kodi? Mashine ya kufulia ikigoma, nani anamwita fundi? Nikitaka kuhama mapema, nitoe taarifa muda gani? Kuna orodha ya vyombo yenye picha, ili kikombe kilichopasuka mwaka juzi kisije kuitwa changu?

"Andika na hili," alisema Komeo. "Kitanda kina upana gani?"

"Nyumba ya mtu mmoja, mume wangu."

"Ndiyo maana nauliza upana."

Mkunga alimtazama juu ya miwani, akaandika.

"Mwenye nyumba anakaa wapi?"

"Ghorofa ya juu yake. Tangazo limesema."

"Ameoa?"

"Hilo siulizi."

"Liulize kwa kuzunguka. Uliza kama kodi inapokelewa na mkewe."

Hapo Mkunga alicheka, na Komeo hakucheka. Alikuwa anaangalia mlango wao. "Namba tisa," alisema. "Funguo za mlango ziko ngapi, na nani anazo?"

Mkunga aliacha kucheka. "Hilo ni swali."

"Nyumba ya samani imepita mikono mingi. Mpangaji anahama, kitanda anakiacha, ufunguo anauacha. Lakini nakala? Mimi nimewachongea wangapi, mke wangu, bila kuuliza ni wa mlango wa nani?"

Wivu na ufundi vilisema kwa sauti moja, na hakuna aliyeweza kuvitenganisha.

Mwenye nyumba alionekana kwenye simu akiwa na shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Mzee wa miaka sitini hivi, mstaafu, na kabla hajaulizwa kwa kuzunguka wala kwa kunyoosha akasema mkewe alikwisha fariki. Mkunga alikuwa amesoma lugha ile miezi minane. Komeo, aliyeketi pembeni asionekane, hakujua hata salamu yake. Ghafla wale wawili wakacheka pamoja.

Mtu aliyewahi kukaa kando ya kicheko cha lugha asiyoijua anaelewa. Komeo alikuwa amefungua makabati ya chuma yaliyowashinda wenye nayo, lakini kitasa kile hakuwa na cha kukitilia.

"Amesemaje?"

"Anasema meza ya jikoni ina miguu minne, ila mmoja huwa likizo."

"Hilo ndilo la kuchekesha?"

"Kwa lugha yao linachekesha."

Namba tisa ilimkwamisha yule mzee. Zilichongwa tano, alisema. Mbili anazo, mmoja umerudishwa na mpangaji aliyeondoka, mbili hakumbuki. Mkunga akaomba kubadilisha moyo wa kitasa, ile silinda inayoingizwa ufunguo. Mzee akakubali: aje nayo mwenyewe, kwa sharti kwamba ufunguo mmoja ukae kwake kwa dharura ya moto au maji, na iandikwe kwenye mkataba. Mkunga alitafsiri yote, lakini Komeo alikuwa ameshainuka kutafuta rula. Alitaka mzee apige picha ya silinda ya zamani ikiwa na rula pembeni, vipimo visije vikakosewa.

Silinda aliyoichagua ilikuwa nzuri kuliko zote kibandani kwake, ya shaba nzito. Aliipaka mafuta, akaijaribu mara kumi, akaifunga kwenye kiboksi na funguo mbili. Wa tatu aliutia kwenye pete yake, kati ya ufunguo wa nyumbani na wa kibanda. Pasipoti hakuwa nayo. Mlango wenyewe ulikuwa upande wa pili wa bahari. Lakini kila alipotia mkono mfukoni aliugusa, na moyo ukatulia kidogo.

"Wengine huweka picha ya mke," alisema Msusi, ambaye hakupitwa na kitu. "Wewe umeweka mlango wake."

Asubuhi ya safari, sanduku likiwa wazi kitandani, Mkunga alifungua kiboksi. Mke wa fundi kufuli haambiwi kitasa ni nini.

"Silinda hizi huja na funguo ngapi?"

Komeo alijishughulisha na zipu ya sanduku.

"Namba tisa, mume wangu. Ziko ngapi, na nani anazo?"

Aliutoa mfukoni, akauweka juu ya shuka. Masikio yalimchoma.

"Huu ndio wa mwenye nyumba," alisema Mkunga taratibu. "Tulikubaliana, nawe ulikuwapo. Ulitaka nikampe wangu, nibaki na mmoja?"

Kwa hiyo ufunguo aliouficha ungeishia kwa shati la pasi. Komeo aliuchukua tena, akauzungusha vidoleni. Tupa yake ya kusagia chuma ilikuwa kwenye mkoba wa kazi, hatua mbili tu. Angeipitisha mara moja kwenye jino la tatu, na ufunguo ungeingia vizuri kabisa usizunguke kamwe. Nani angejua? Angejua yeye. Na moto ukiwaka, mkewe akiwa ndani?

"Nipe bahasha," alisema.

Alitia ufunguo ndani, akaifunga kwa gundi, akaweka saini juu ya mkunjo, mara tatu, ili bahasha isifunguliwe bila kuchanika saini. "Akiifungua kwa moto au maji, sawa. Vinginevyo, kila mwisho wa mwezi unaiazima kwake, unaipiga picha."

"Hii ni desturi ya mafundi au ya waume?"

"Mafundi," alisema, upesi mno.

Mkunga alimbusu kwenye paji la uso na kwenda zake.

Mwisho wa mwezi picha ilikuja. Komeo aliikuza kwa vidole viwili: saini nzima, zote tatu. Alishusha pumzi. Kisha akaona meza ya jikoni iliyobeba bahasha. Ilisimama imenyooka.

*Mguu wa meza ametengeneza nani?* aliandika.

*Mimi. Kipande cha kadibodi. Sasa zamu yangu. Mlango wetu una funguo ngapi, na nani anazo?*

Aliandika *mbili*, akafuta. Wakati huohuo Msusi alitokea mlangoni pa kibanda, akichezesha ule ufunguo wa akiba kidoleni.

"Nguo zako nimezianua, fundi, mvua inakuja. Shati la bluu nimelipiga pasi kabisa."

Komeo alimtazama, akautazama ufunguo, akaitazama simu. Akaandika *tatu*, akataja na aliye na wa tatu. Kisha akafungua mtoto wa meza.

"Unatafuta nini?" Msusi aliuliza.

"Bahasha. Nawe njoo na kalamu, utie saini hapa."