Watarajiwa Wawili wa Mama Joselyne

Kule Okolona, kusini mwa Louisville, Marekani, Warundi na Wakongomani wote wanamjua Dafroza, yaani Mama Joselyne, mjane wa katekista Gaudiosi. Wanamjua kwa mambo mawili: nyumba yake haijawahi kusemwa, na Kiswahili chake hakina doa. Alisoma katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, akafundisha hapo hapo miaka kumi na mmoja. Hadi leo mwanakwaya akiandika ujumbe uliopinda, Mama Joselyne humrudishia maneno yale yale yakiwa yamenyooshwa, bila hata salamu.

Jambo la tatu walilijua wachache. Mama Joselyne alikuwa na wazimu wa besiboli.

Aliupata kazini. Katika nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa akifanya kazi, kulikuwa na mzee mmoja asiyekubali kula mpaka mchezo uwekwe kwenye televisheni. Dafroza alimlisha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko mzee alikilipia kwa somo. Yule anayerusha mpira akichoka, mzee alisema, huingizwa mwingine mwishoni, mambo yakiwa yameshaharibika, aje ayanyooshe. Dafroza alimwelewa mtu huyo papo hapo. Yeye mwenyewe alikuwa akipokea zamu kila siku saa tisa mchana, anakuta shuka hazijabadilishwa na kuna mzee analia, hamlaumu mtu, anavaa glavu. Mzee alipofariki, wazimu ulibaki kwa Dafroza, na mrushaji wa mwishoni akampa jina: mpokea zamu.

Mpokea zamu wa timu ya Louisville aliitwa Terwick, jitu lenye ndevu nyekundu. Msimu mmoja wa joto, alipomaliza kazi yake, alimrushia Joselyne mpira pale jukwaani. Joselyne aliudaka kwa mikono miwili. "Haya," mama yake alisema, "nimepata mkwe." Tangu siku hiyo, nyumbani kwao Terwick hakuitwa tena Terwick. Aliitwa Mkwe.

Miaka mitatu ikapita, akaja mkwe wa kweli, au aliyekaribia kuwa wa kweli. Aganze, Mkongomani mtaratibu wa Whitehall, pembeni mwa Columbus, alikutana na Joselyne kwenye kongamano la kwaya. Dafroza alimpenda, lakini alimwita Aganze tu. Posa haijaletwa, na mtu haitwi mkwe kwa kutabasamu vizuri. Posa ingeletwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti na baba yake mdogo, Mzee Bisimwa, aliyemlea. Mbele ya watu hao Dafroza hakutaja uwanja hata siku moja. Hakutaka isemwe Whitehall kwamba mjane wa katekista anapiga vigelegele katikati ya wanywa bia.

Jumanne kabla ya Jumamosi hiyo, simu yake ikaleta habari. Terwick ametolewa. Amepelekwa Buffalo, na badala yake Louisville wamepewa vijana wawili ambao bado hawajafanya lolote ila wanasifiwa kwamba watafanya.

Dafroza aliketi. Kisha akakumbuka kwamba kaka yake Gaspari anaishi Buffalo, mtaa wa Black Rock, na kwamba muda si mrefu angeanza kumcheka. Afadhali amuwahi. Kwenye simu alikuwa na kundi la mpira yeye na Gaspari na wenzao wanne, liitwalo Mpira Wetu. Chini yake lilikuwapo kundi la harusi, Mwali Wetu. Miwani ilikuwa jikoni. Akabonyeza, akanena kwa sauti yake ya darasani:

"Ndugu zangu, msisikie kwa watu wa nje. Mkwe wetu tumemwachia aende zake. Msilie. Bega lake lilishachoka, na mwaka huu ungekuwa wa mwisho. Badala yake tumepata watarajiwa wawili, vijana wabichi, wana nguvu. Mmoja atajaribiwa Jumamosi hii hii. Asanteni."

Vijana wa namna hiyo Kiingereza huwaita prospects, yaani watarajiwa. Alifurahi kwamba neno lilimjia lenyewe, safi. Hakukumbuka kwamba kwa kila msikilizaji wa Kiswahili, mtarajiwa ni mtu anayesubiri kuoa.

Hazikupita dakika tano, simu ikalia. Ni Bisimwa.

"Mama Joselyne, salama?"

"Salama, Mzee wangu. Mnajiandaa?"

"Bon, njo minataka kuuliza. Tujiandaye bado, ao tubakiye?"

"Kwa nini mbaki?"

"Donc, mama, siye tulisikiya sauti yako. Sisi bote, na wamama ba kanisa. Kama mutoto yetu bega yake ilichoka, mungetuambia pole pole. Aganze anabebaka makartoni, ni kweli, lakini bega iko muzima. Na sasa munasema bengine babili? Babili, mama! Na moja munamujaribu siku moja na siye?"

Dafroza alifuata miwani jikoni, akaitazama simu. Jina la kundi lilikuwa pale, Mwali Wetu, na chini yake watu thelathini na wanne walikuwa wameshasikiliza. Joselyne, aliyekuwa mlangoni, alisikia yote kwenye spika na kuanza kusema Kiingereza mfululizo, kama afanyavyo akiogopa. Alikuwa akimpigia Aganze bila kujibiwa. Katika ghala alikofanya kazi Aganze, simu hufungiwa kabatini hadi mapumziko. Nusu saa nyingine Aganze angefungua kabati lake na kukuta ameachwa mbele ya watu thelathini na wanne.

Uongo ulikuwa karibu. Angeweza kusema alikuwa akisimulia mambo ya jirani. Heshima yake ingebaki, uwanja ungebaki siri, na Bisimwa asingeamini hata neno moja. Dafroza akavuta pumzi.

"Mzee Bisimwa, nisikilize. Hayo ni mambo ya besiboli. Mimi ni shabiki. Ninakwenda uwanjani, ninapiga vigelegele, na nina kofia. Mkwe ni jina tulilompa mrushaji wetu, na leo wamempeleka Buffalo. Nimekosea kundi. Aganze sijamwachia mtu."

Joselyne alifumba macho.

"Murushaji gani?" Bisimwa aliuliza polepole.

"Terwick."

"Ule wa ndevu nyekundu?"

"Huyo huyo."

"Mungu wangu! Ule mutu alituuwa hapa Columbus mwezi wa tano! Benye kupiga batatu, bote batatu alibarudisha kukaa!" Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichokatika kwa kikohozi na kuanza upya. "Donc muliacha Terwick juu ya batoto babili? Mama, munaibiwa!"

"Hatujaibiwa!" Dafroza aliruka kutoka kitini. "Mmoja anarusha kwa mkono wa kushoto!"

Walibishana robo saa. Kisha Bisimwa mwenyewe akaeleza yote kwenye kundi, akicheka, na Aganze alipofungua kabati alikuta ujumbe tisini na kitu, na wa mwisho ulikuwa wa Joselyne: wewe huuzwi.

Jumamosi wageni walifika saa sita. Bisimwa alivaa suti nyeusi, na kichwani kofia ya timu ya Columbus. Aliivua kwa sala, akairudisha, akasimama katikati ya sebule.

"Tulikuya kuchumbia," alisema kwa uzito. "Lakini tulisikiya hii nyumba iko na batarajiwa babili. Batoke kwanza, tubaone."

Watu waliangua kicheko, kisha wakamgeukia mwenye nyumba. Dafroza aliinuka, kitenge chake kikiwa kimenyooka kama karatasi.

"Wageni wetu, hao wawili mtawaona jioni. Mmoja anarusha leo, na wanaokuja kucheza naye ni ninyi watu wa Columbus. Tukishakula tutakwenda wote. Mkwe wa nyumba ya katekista Gaudiosi ni mmoja, na ameketi kwenye kiti kile."

Akapiga kigelegele, kile cha uwanjani, alichokificha mwaka mzima. Watoto wa jirani walikuja dirishani kutazama.

Jioni mtarajiwa wa mkono wa kushoto alirusha ovyo, Columbus wakashinda, na Bisimwa akauliza kama bado inawezekana kumrudisha kijana huyo Buffalo alikotoka. Gaspari naye alituma picha ya Terwick akiwa na kofia mpya, na chini yake maneno: asanteni kwa mkwe.

Dafroza hakujali. Alikuwa na njaa ya karanga, na mfuko ulikuwa mwisho wa safu, kwa Aganze.

"Mkwe," aliita, "nipitishie karanga."

Aganze alitazama uwanjani kumtafuta mrushaji. Joselyne alimpiga kiwiko. Ndipo alipogeuka.