Wasichana Walioninyima Siri

Mimi ni Mwende, mzaliwa wa Kola. Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa vicheko. Katika shule yetu ya bweni nilicheza voliboli, niliimba kwenye kwaya, na siku ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nasema haya mjue kwamba ugonjwa huu hauchagui wanyonge.

Ulianza nikiwa kidato cha tatu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kwanza usingizi ulinitoka. Niliamka kabla ya kengele, kifua kizito, moyo ukienda mbio bila sababu. Kisha chakula kikawa kama udongo mdomoni. Sketi ikanilegea hadi nikaifunga kwa pini. Hedhi ikakatika. Metroni alinipa dawa za malaria. Mwalimu mmoja aliniita mvivu, nami nikamwamini. Watu huniuliza ni nini kilinisibu. Baba alikuwa amefariki, mvua ilikuwa imetukataa, lakini wengi wamepitia hayo wasiugue. Sina jibu moja.

Ikafika mahali nikaona kwamba nyumbani wangepumua nisipokuwepo. Sasa najua ule ulikuwa ugonjwa ukisema. Wakati ule nilidhani ni akili yangu.

Shuleni palikuwa na kikundi cha wanafunzi kilichoanzishwa na Halima, msichana wa kidato cha nne ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa mjini Machakos. Mwaka uliotangulia mwenzetu alijiua wakati wa likizo, nasi tukaambiwa alikufa kwa malaria. Halima hakukubali yaishie hapo. Alimwendea Mwalimu Syombua wa bayolojia, akamwomba awafundishe kumtambua mtu aliye hatarini. Mwalimu mkuu alikataa, akisema watawatia watoto mawazo. Wasichana wakarudi. Akakataa tena, wakarudi tena, mpaka akawapa Jumamosi baada ya kufua.

Siku moja, wakati wa chai ya saa nne, nilimpa msichana wa kidato cha kwanza sweta yangu na seti yangu ya jiometri. Halima aliona, akakumbuka walivyofundishwa kwamba anayegawa vitu vyake huenda anaaga. Alinifuata kwenye kamba za kuanikia nguo, akaketi kando yangu, akaniuliza bila kuzunguka: "Mwende, unafikiria kujiua?"

Nilikuwa na majibu ya maswali mengine yote. Hilo sikulitarajia. Nililia mpaka kamasi zikanitiririka, nikasema ndiyo. Kisha nikamsihi asimwambie mtu.

"Hiyo siwezi kukuahidi," akasema. "Heri unikasirikie ukiwa hai."

Nilimkasirikia kweli. Alinishika mkono akanipeleka kwa Mwalimu Syombua. Mwalimu mkuu alitaka nipewe ruhusa niende nyumbani kupumzika. Halima akamwambia kwa heshima kwamba sipaswi kuachwa peke yangu, na kwamba nahitaji daktari siku hiyohiyo. Akasimama pale mlangoni mpaka gari la shule likatolewa.

Hospitalini daktari aliniuliza habari za usingizi, chakula na mawazo yangu, wala hakuharakisha. Mama alipofika alikuwa na hakika kwamba nimerogwa. Daktari akamwambia, "Mama, msichana huyu si mvivu na hajarogwa. Ni mgonjwa, na tutamtibu."

Mama akanigeukia. "Mwiitu wakwa, binti yangu, kwa nini hukuniambia?"

"Mwaitu, mama yangu, sikuwa na neno lake," nikamjibu.

Dawa hazikunipa nafuu mara moja. Mdomo ulinikauka, choo kikawa kigumu, mikono ikatetemeka. Nilipoanza kulala vizuri nikaziacha bila kumwambia daktari, nikaanguka tena. Nikaanza upya. Nilirudia darasa, na wasichana wa kikundi wakapokezana kula nami ili sahani yangu isirudi imejaa. Polepole nikaanza kusikia ladha ya chumvi. Baadaye nikajiunga nao, nikawa nami najifunza kuuliza.

Nilipokuwa karibu kumaliza shule, ofisi ya elimu iliamua kuzitambua shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa wakiwaokoa wenzao. Yetu ilikuwa mojawapo. Wazazi wengine walinung'unika kwamba tutaitwa shule ya wendawazimu. Mjomba alinionya nisiseme jukwaani, kwani hakuna atakayenioa. Nilimsikiliza, nikaenda kusema. Mwalimu mkuu alipoitwa kupokea ngao alikataa kuishika. Alisema yeye ndiye aliyewazuia wasichana hawa, akamwita Halima, aliyekuwa amekuja kama mgeni, aipokee.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nikasema jina langu na jina la ugonjwa wangu, huzuni kali. Mama akainuka kutoka viti vya wazazi, akaja akasimama nami.

Baada ya sherehe baba mmoja kutoka Ekalakala alinivuta kando. Alikuwa na mwana ambaye siku hizi hasemi na mtu. Akaniuliza, "Nikimuuliza wazi hivyo, si nitampa wazo?" Nikamwambia mimi niliulizwa wazi, na ndipo nikapumua. Nikamwambia pia asimwache peke yake, amfikishe kwa daktari. Alilirudia lile swali kwa sauti ya chini, akiweka humo jina la mwanawe. Kisha akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na wasichana wale sitaweza kuwalipa. Wewe unayeumwa hivi leo, mwambie mtu mmoja. Asipokusikia, mwambie mwingine, na usichoke. Nawe unayemwona mwenzako akififia, nenda ukaketi naye, umuulize.