Kisigino cha Mama wa Mapacha

Shimo lilikuwa tupu, na hilo ndilo lililoniponza. Lingekuwa na ndizi, ningeangukia ndizi.

Baba alikuwa amezitoa jana yake, zimeshaiva, tayari kukanyagwa kwa pombe. Lile shimo la kuivishia lilikuwa kando ya njia itokayo kisimani kuingia kibanjani kwetu Ndama, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kwa kuwa baba alitaka kulitumia tena hakulifukia, alilifunika tu kwa majani makavu ya mgomba. Kila mtu wa nyumbani alijua liko pale. Hata mimi nilijua. Lakini nilikuwa na siku mbili tu tangu nirudi likizo, kichwani nina mtungi wa maji, na mbele yangu wanakuja wazee watatu waliokuwa wakienda kwa baba.

Kwetu msichana akikutana na wazee hapiti nao bega kwa bega. Anajitoa njiani, anatua mzigo, anapiga magoti ndipo anaamkia. Basi nikarudi nyuma hatua moja nipate pa kupigia magoti. Nikarudi ya pili, kwa sababu mmoja wao alikuwa ananitazama, na mimi mtu akinitazama sijui macho niyaweke wapi. Hatua ya tatu haikuwa na ardhi.

Nilitua kwa makalio kwenye mawe yaliyoachwa chini. Nikasikia mgongo ukilia, mlio mfupi mkavu, kama muwa unapovunjwa gotini. Maji yote yakanimwagikia. Kisha vichwa vitatu vikachungulia kutoka juu, na mimi, nikiwa nimekaa mle shimoni, nikasema shikamooni.

Walicheka mpaka mmoja akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mtoeni huyo," akasema, "ameshaiva."

Nikacheka nao. Walinivuta kwa mikono, kila mvuto ukinichoma kiunoni, na waliponiuliza kama nimeumia nikasema hapana, babu, sijaumia. Ndivyo nilivyo. Shuleni niliwahi kukaa na jiwe ndani ya kiatu kipindi kizima cha hesabu kwa kuogopa kuinama mbele ya mwalimu.

Siku za kwanza maumivu yalikuwa maumivu tu. Mama alinipashia majani motoni akanikanda, akanichua kwa samli. Bibi, mama yake baba, aliniumika kwa pembe mahali pawili akatoa damu nyeusi, akasema hiyo ndiyo iliyokuwa inasumbua. Nilikuwa siwezi kuinama kuosha vyombo. Kukohoa nilikuogopa. Kupiga chafya nilikuogopa zaidi, nikihisi inakuja nilikuwa nashika nguzo ya nyumba kwa mikono yote.

Siku ya sita nilikuwa jikoni, nimesimama karibu na mafiga, nikasikia harufu ya ngozi inayoungua. Nilidhani bibi anababua kuku. Nikatazama chini. Kaa la moto lilikuwa chini ya vidole vya mguu wangu wa kushoto, na mimi nilikuwa nimelikanyaga, sijui kwa muda gani. Nilinusa kabla ya kusikia. Kusema kweli sikusikia kabisa.

Sikumwambia mtu. Nilipaka majivu, nikavaa viatu vya shule humo humo jikoni. Mama akanitania kwamba siku hizi ana mwalimu wa kike anayemsongea ugali. Nikacheka. Nikaendelea kusonga.

Sababu zangu naziandika hapa kama zilivyo, hata kama zinaniaibisha. Nilikuwa darasa la tisa. Shule yetu ni ya mbali, ya lori, halafu meli, halafu treni, na kwenye kilima chetu hakuna msichana mwingine aliyefika huko. Msichana asiyeweza kupanda lori hawezi kurudi shule. Hiyo ya kwanza. Ya pili ni jirani yetu aliyeanguka kutoka juu ya mti akikata matawi. Yeye pia ilianza kwa miguu kufa ganzi. Walimbeba kwa engozi, ile machela ya kusukwa tunayobebea wagonjwa, wakimpeleka hospitali ya misheni, na nilipokuwa mdogo niliwaona wakipita kwetu wanazungumza na kubadilishana mabega. Baada ya siku chache walirudi na engozi ile ile, kuna shuka juu yake, na hakuna aliyekuwa anazungumza. Tangu hapo kwangu engozi ilikuwa na safari mbili tu.

Mama alinipeleka dispensari, nikitembea kwa fimbo. Dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, alikuwa kijana, na chumba hakikuwa na mlango, watu wa foleni wote wakinitazama. Aliniuliza ninaumwa wapi, nikamwonyesha juu ya nguo. Akaniuliza kama miguu ina ganzi.

"Hapana," nikasema.

Akauliza tena, na safari hii akaniambia nivue viatu. Nikasema vimenibana, nitachelewa kuvivaa. Watu wakacheka, naye akaona haya kunilazimisha. Alinipa vidonge na dawa ya kuchua yenye harufu kali, akamwambia mama kwamba mguu ukianza kufa ganzi nisikae nyumbani hata siku moja. Mama akanitazama. Mimi nikatazama picha ya nzi iliyobandikwa ukutani.

Zilibaki siku kumi na moja shule ifunguliwe. Hapo ndipo bibi aliposema dawa za chupa zimeshindwa, atamwita nyinabarongo, mama wa mapacha. Kwetu mwanamke aliyezaa mapacha ana nguvu miguuni. Mgongo ukiuma anakuja asubuhi kabla hajala kitu, unalala kifudifudi, anakukanyaga kiunoni mara tatu kwa kisigino, na mara ya tatu anasimama kwa uzito wake wote. Bibi mwenyewe alikanyagwa zamani, akaenda kulima siku hiyo hiyo. Baba ni mzee wa kanisa, alinung'unika kwamba mchungaji atasema nini. Bibi akamjibu kwamba mapacha huletwa na Mungu, si na mganga, na kama mchungaji ana dawa nyingine aje nayo.

Nikakubali. Nilijiambia huenda kweli itasaidia. Tena nilijiambia nikishapanda lori pale Omurushaka, mguu utajua wenyewe la kufanya.

Mama wa mapacha alikuja kutoka Rugera kwa miguu, umande bado uko kwenye nyasi. Nilikuwa nimemfikiria mwanamke mnene. Alikuwa mfupi, mkavu, umri wa mama, na alipokaribishwa maziwa alisema baadaye, akimaliza. Nikapiga magoti kumwamkia kwa shida. Akashika kichwa changu akaitikia marahaba, akauliza kama mimi ndiye yule anayesoma.

Walitandika nyasi mpya chini, mkeka juu yake. Nikalala kifudifudi. Bibi alishika mabega yangu, mama akashika mikono. Yule mama akaninyooshea miguu, akapitisha kiganja kwenye nyayo zangu, moja baada ya nyingine, akauliza ninasikia?

"Ndiyo," nikasema kwa wa kulia. Kwa wa kushoto pia nikasema ndiyo, kwa kukisia tu kwamba ameshaufikia.

Kisha akasimama. Kisigino chake kilikuwa cha baridi kwa umande, kina nyufa, na kilikaa pale pale. Akakanyaga mara ya kwanza, kidogo tu, kama mtu anayejaribu daraja la mti. Moto ukapanda hadi shingoni, ukashuka kwenye mguu wa kulia mpaka unyayoni. Kwenye mguu wa kushoto ulishuka ukafika gotini, ukaishia hapo. Chini ya goti kulikuwa kimya.

Sijawahi kuogopa kitu kama kimya kile. Nilimsikia akivuta pumzi kwa ajili ya mara ya pili. Niliona kucha za mama kwenye viganja vyangu. Nikamwona mwalimu wetu anaita majina na kuruka langu. Kisha sikuona kitu, nikasikia sauti yangu imetoka, kubwa, sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele ya mkubwa yeyote.

"Mama, usinikanyage. Mguu wa kushoto sina."

Bibi akasema ni woga, aendelee. Kisigino hakikuongezeka uzito. Hakikuondoka pia.

"Tangu lini?" yule mama akauliza.

"Tangu wiki ile ya kwanza. Nilikanyaga kaa la moto sikusikia."

Akaondoa mguu taratibu mno, kama anayetoka kwenye kitanda cha mtoto aliyelala. Mama akaniachia mikono, akaenda kunikunjua vidole vya mguu wa kushoto, akaona kidonda. Yule mama wa mapacha alikaa chini penye udongo.

"Mimi nakanyaga mgongo uliochoka," alimwambia bibi. "Huu umevunjika. Mngeniacha nisimame juu yake?"

Bibi akaniachia mabega. Yule mama akakataza nisiinuliwe kwa makwapa wala nisikalishwe, akasema nitafutiwe kitu kigumu cha kulalia. Mama akaenda akang'oa mlango wa jikoni. Yule mama wa mapacha aliyanywa maziwa yake akiwa amesimama, akanishika kisogo, akaondoka.

Basi engozi ikaja. Baba aliwaita wanaume wa kilima, wakaweka mlango ndani yake na mimi juu ya mlango, wakanifunga kwa vitenge ili nisiteleze. Aliyeshika mti wa mbele alikuwa yule mzee aliyesema pale shimoni kwamba nimeshaiva. Hakutania hata mara moja. Kwenye miteremko alikuwa anawaambia wenzake polepole, polepole, kwa sauti ya mtu aliyebeba mayai. Mimi nilikataa kufunikwa shuka. Jua lilinichoma uso njia nzima lakini nilikataa, na kila walipotua kubadilishana mabega nilimwomba mama aniambie kama vidole vinacheza.

Hospitali, daktari Mzungu alinichoma miguu kwa pini huku akinitazama usoni, si miguuni. Alimweleza sista kwa Kiingereza, sista akamfasiria mama: pingili mbili za mgongo zimepasuka, moja imeegemea mishipa ya fahamu, nitavalishwa plasta kutoka kwapani hadi nyongani, miezi mitatu au zaidi. Hayo ndiyo aliyoyafasiri. Aliyoyaacha niliyaelewa mwenyewe, kwani nimesoma. Daktari alisema mwanamke yule angesimama juu yangu nisingetembea tena, na kwamba hata sasa haahidi kitu kuhusu mguu wa kushoto. Mama alimshukuru sista sana. Hayo mengine sijamwambia mama mpaka leo.

Sasa niko nyumbani. Naandika nimelala kifudifudi, daftari liko sakafuni na mimi nachungulia kutoka ukingoni mwa kitanda. Plasta inawasha, na mvua ikikaribia mgongo unaniambia kabla ya mawingu. Shule imefunguliwa bila mimi. Mwalimu mkuu ameandika kwamba nafasi yangu itanisubiri hadi mwaka mpya, mradi niweze kutembea mwenyewe kutoka bwenini hadi darasani. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi mpaka imekatika kwenye mkunjo.

Kila asubuhi mama huchukua bua la nyasi, huniambia nifumbe macho, na mimi humwambia amegusa wapi. Siku nyingine hagusi kabisa, ananitega, maana hajasahau dispensari. Leo aliuliza, nikasema hujagusa. Akasema kweli.

Akauliza tena. Nilingoja. Kulikuwa na kitu, au nilitaka kiwepo, kidogo kama sisimizi anayepita upande wa pili wa blanketi. Majibu yote mawili yalikuja kinywani, la ndiyo na la hapana, na yote mawili ningeweza kuyasema vizuri.

"Sijui, mama," nikasema.

Hakunikaripia. Alisogeza kigoda chake karibu na miguu yangu, akagusa tena.