Mgeni Aliyepima Kijiji cha Watu Watatu

Bi Hisae hakuwahi kuona mgeni mdadisi kama Kuwabara. Wengine waliokuja kutazama nyumba tupu za kijiji waliuliza kama simu inashika mtandao, wakapiga picha mbili tatu, wakaaga. Huyu alitambaa mpaka chini ya sakafu za mbao kukagua nguzo. Alinusa udongo wa shamba la chai, akahesabu magogo ya kuoteshea uyoga, kila kitu kikaingia daftarini.

"Bibi, tetemeko likikata barabara, kuni zitatosha siku ngapi?"

"Siku? Sema miaka! Hapa barabara ikikatika, tunajua tu kwa kuwa muuza tofu hajaja."

Bi Hisae alikuwa na miaka sabini na tisa, naye ndiye mwenyekiti wa kijiji, maana waliobaki ni watatu na wenzake wawili walikataa cheo. Alitaka kweli kweli mgeni huyu ahamie. Kila mvua ikinyesha, majani huziba bomba la maji mlimani, na ni yeye peke yake aliyekuwa bado anapanda kulizibua, huku magoti yamegoma. Kama asingepatikana mkazi mpya kabla ya theluji, wote watatu wangehamishiwa mjini, yeye kwa mwanawe, ghorofa ya saba.

"Usimwambie baya lolote," mzee Okabayashi alikuwa amemwonya asubuhi. "Mimi mwambie nina sabini."

"Sabini! Na hiyo kumi na minane ya juu nimfiche wapi?"

Walipofika kwenye chanzo, Kuwabara aliyaonja maji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Na mtu akivunjika mguu, nani wa kumbeba mpaka barabara kuu?"

Bi Hisae aliwapitia wenzake kichwani. Okabayashi? Umeno, mwenzao wa tatu, asiyeona vizuri? Kutwa nzima alikuwa akijivunia kuni na maji, na swali hilo halikuwahi kumpitia akilini. Aliona aibu, halafu akaona uchungu.

"Hakuna," alisema. "Sote ni wa kubebwa. Ukihamia hapa, mwanangu, hupati majirani. Unapata mizigo mitatu."

Kuwabara hakuandika kitu.

"Mzito kuliko wote ni nani?"

"Okabayashi. Kilo sabini na mbili, na bado anaongeza wali."

"Na wewe?"

"Arobaini na nne. Kwani unanunua nyama?"

Kuwabara aliweka daftari mfukoni, akatazama saa yake, kisha akampa mgongo na kuchutama mbele yake.

"Panda, bibi. Tujaribu."

Bi Hisae alikataa mara mbili, kisha akapanda. Hakuwa amebebwa mgongoni tangu utoto wake, na njia nzima ya mteremko alilia akijidai anacheka. Kuwabara alimtua kando ya barabara kuu, jasho likimchuruzika, akatazama saa tena.

"Dakika ishirini na sita," alisema akihema. "Inawezekana."