Rangi ya Pikapu ya Baba

Juzi pale Katandala niliona pikapu kuukuu iliyopakwa rangi upya, bluu, nikajikuta naficha mikono yangu.

Nilipokuwa mtoto, ya baba ilikuwa bluu hiyohiyo. Mzee Pius, fundi jirani yetu, alikuwa ameifufua na kuipaka rangi ili kesho yake impeleke shangazi kanisani akafunge ndoa. Mchana ule ua mzima ulinuka rangi na pombe ya ulezi. Mimi nilikuwa nikisifiwa kwa kusugua masufuria, basi nikachota mchanga na majivu, nikausugua mlango wa pikapu ung'ae kama sufuria za mama. Bati lilipotokea jeupe, nilidhani ndiyo usafi wenyewe, nikaongeza nguvu.

Baba alipouona alimgeukia fundi mbele ya wageni.

"Mzee Pius, hii ni kazi gani? Rangi hata siku mbili haijamaliza."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilijibanza nyuma ya gurudumu.

Mzee Pius aliinama, akapitisha kidole mlangoni, akautazama mchanga uliobaki kidoleni. Kisha akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu, nenda ukanawe mikono," alisema taratibu. Akamgeukia baba. "Kosa ni langu. Nitapaka tena leo hii."

Nilikwenda jikoni nikikimbia, nimefurahi kwamba hakuna aliyejua. Nilipotumbukiza mikono kwenye beseni, maji yaligeuka bluu.