Mume Wangu wa Njiani

(Kisa hiki kimetufikia kutoka kwa msomaji wa Mtwara. Jina lake tunalo sisi, maneno ni yake.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja wa kike, naishi Rahaleo, hapa Mtwara mjini. Kwetu hasa ni ng'ambo ya Ruvuma. Vita vilipoanza kule wazazi wangu walivuka nasi, na mpaka leo wanalima mpunga na muhogo upande huu wa mto. Kuandika nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkikuta makosa mnivumilie. Nina jambo linanichoma, siwezi kukaa chini nikatulia.

Mume wangu ni kuli bandarini. Si mlevi, hanipigi, chakula hakikosekani. Ila nyumbani ni mtu wa kununa. Tunaishi na mama yake, na mbele ya mama yake mimi naitwa "wewe". Tukienda sokoni anatangulia mbele kama hanijui, mimi nyuma na kikapu na mtoto. Nilidhani ndivyo alivyo.

Kumbe ana uso mwingine, niliuona njiani. Kila kiangazi, kabla korosho hazijaanza kuingia bandarini, tunakwenda kuwasalimu wazazi wangu kwa miguu, maana gari la kufika kule halipo. Tunapita Madimba, tunazunguka mikoko, tunashika njia ya mto, na tunalala njiani. Safari ya kwanza kabisa, nyumba za mwisho zilipopotea nyuma yetu, alisimama akaningoja. Akaniita jina langu, lile nililopewa na baba, akasema, "Lete huo mzigo." Akajitwika kichwani. Nikadhani ananitania. Akaubeba mpaka jioni huku ananisimulia vituko vya bandarini, tukacheka mpaka mbavu zikaniuma, na ugali wa usiku akasonga yeye. Tukikaribia kijiji ananirudishia mzigo, anatangulia, ananuna. Tukishakipita anaupokea tena. Mimi niliridhika. Wenzangu wanangoja sikukuu, mimi nilikuwa nangoja kiangazi nitembee na mume wangu.

Mwaka huu tulikuwa tunarudi, tumeshaikaribia Madimba. Yeye kajitwika kikapu cha mchele tuliopewa na mama, mimi nimembeba mtoto. Kwenye kona akatokea mjomba wake na baiskeli. Mume wangu alikiteremsha kikapu haraka akakiweka miguuni pangu, lakini ngata akaisahau. Khanga yangu niliyoizungusha mwenyewe asubuhi ilikuwa bado imemkaa utosini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mjomba akamtazama kichwani bila haraka. "Kofia nzuri hiyo. Umeinunua wapi?"

Mume wangu akaivua, akanirushia. Mimi nilibana kicheko, Mungu anisamehe. Mjomba hakucheka. Akapanda baiskeli yake, akatutangulia mjini.

Tulipofika Rahaleo tulimkuta amekaa na mama mkwe na wazee wengine wa ukoo, wanatungoja. Mama mkwe akauliza, "Ntoto wangu, nani kakubebesha nzigo wa nke wako?"

Nilimtazama mume wangu. Angesema aliniona nimelemewa, ingetosha. Hata angesema naumwa, ningekohoa pale pale. Akainamisha kichwa, akasema, "Hata mimi sijui. Nilijikuta tu nimebeba."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Mama mkwe akapiga paja lake. "Mmesikia wenyewe. Nimemlea miye, akili zake nazijua. Huyu kalishwa kitu." Akaongeza kwamba watu wa ng'ambo dawa zao ni kali. Nikamwomba mume wangu, "Waambie kweli, baba." Akanyanyuka akaenda kuoga. Mtu huyu anabeba magunia ya korosho mchana kutwa na hakuna anayemshangaa, siku aliyobeba kikapu cha mkewe amerogwa.

Wazee wameamua mimi na mwanangu turudishwe kwa wazazi wangu mpaka akili zimrudie mume wangu. Nasikia kijijini Mpapura kashatafutwa msichana wa kushika nafasi yangu. Na wa kunirudisha ni yeye mwenyewe, kwa kuwa aliyeniomba kwa baba ndiye wa kunikabidhi kwa baba. Mjomba alitaka tupande lori la mizigo mpaka Madimba, tumalizie kwa miguu. Mume wangu akakataa. "Tutatembea tangu hapa," akasema.

Na tangu aseme hivyo amechangamka. Kanishonea katambuga mpya za tairi, kazijaribu mwenyewe miguuni mwangu. Jana nilikuwa natwanga, akapita karibu akaninong'oneza jina langu, humu humu ndani ya ua wa mama yake, mara ya kwanza tangu anioe. "Usijali," akasema. "Njiani tutaongea."

Sasa sitwangi vizuri, sipiki vizuri, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Namjua. Tukishatoka mjini atanipokea mzigo, atanichekesha, nami nitamsamehe kila kitu, maana nampenda, sifichi. Halafu tutakaribia kwa baba, ataniwekea kikapu kichwani, atanuna, atabisha hodi na kunikabidhi. Au labda safari hii hatanirudishia mzigo. Hilo "labda" ndilo linalonitesa kuliko maneno ya mama yake.

Mawazo yangu mengine yananiambia nimwambie mbele ya mama mkwe, mzigo huu ubebe kuanzia hapa mlangoni watu wakuone, la sivyo natangulia mwenyewe na mwanangu. Lakini akikataa, nitakuwa nimeipoteza na ile njia.

Tunaondoka mwezi ukiandama. Nishaurini, ndugu zangu. Nyumba za mwisho zikishapotea nyuma yetu, akasimama, akaniita jina langu na kunyoosha mikono, mzigo nimpe?