Aliyeniomba Nisifute Diski

Wanaosema maiti hawatembei wanyamaze kidogo. Nami nilikuwa mmoja wao, tena mwenye mdomo mchafu. Haya yalinikuta Gungu, mtaa wa mji wetu wa kando ya ziwa, nyumbani kwangu, saa saba mchana, jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Nilinunua kompyuta kuukuu kwa mfanyabiashara wa soko la Mwanga, niigeuze seva ya nyumbani, ya kutunzia mafaili yangu. Mafundi wa mjini niliwaona mbumbumbu. Kazi hiyo ningeifanya mwenyewe. Nikafunga mlango kwa komeo, nikachomeka flashi yenye mfumo mpya, nikawasha. Ikaniuliza: nifute vyote vilivyomo?

"Amahoro, ndugu yangu," sauti ikanisalimu Kirundi.

Nikageuka. Mwanamume amesimama nyuma yangu, peku, suti imemgandama mwilini, maji yanamtiririka.

"Usifute," akasema. "Wanangu wamo humo."

Unadhani niliogopa? Wala! Nilimdharau. "Nyie wakimbizi mmezoea kuingia majumba ya watu bila hodi? Hiki ni chuma, bwana. Watoto katafute kambini."

"Nakuomba. Mama yao hana kingine."

Nikamcheka usoni, nikabonyeza kitufe. Hata sikumfukuza, nilitaka aone.

Nilipogeuka tena, hakuwepo. Niamini: komeo lilikuwa palepale nilipolitia, na sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nikajiambia ni joto. Mjinga hakosi sababu!

Baada ya siku mbili, yule mfanyabiashara akaja na mwanamke aliyejifunga kitenge.

"Bwana, huyu mama ndiye aliyeniuzia ile mashine," mfanyabiashara akaniambia. "Anaomba picha zake tu."

Mama yule akaeleza kwa upole. Mumewe alikuwa mpiga picha. Yeye alitangulia na mizigo. Mume na watoto wao wawili walifuata kwa mtumbwi wa pili, ukazama. Aliiuza mashine kwa njaa, bila kujua kwamba picha zingeweza kutolewa kwanza.

"Mumeo alivaa nini siku hiyo?" nikauliza.

"Suti. Alisema hawezi kuingia nchi ya watu kama mwizi."

Nikamwambia nimefuta. Nilitamani anitukane. Akauliza tu, "Zote?" Kisha akaketi kizingitini, akajifunika uso kwa kitenge.

Nilitumia majuma mazima kuzifufua picha zile. Haikurudi hata moja. Na tangu siku ile seva yangu hutunza nyaraka, nyimbo, chochote, isipokuwa sura ya mtu. Weka picha leo, kesho utakuta weusi mtupu. Nimebadilisha diski mara tatu. Za harusi yangu zimekwenda, na za marehemu mama yangu pia.

Nawe unayeshika flashi huku ukijiona mjuzi, mtafute kwanza aliyekuwa na mashine hiyo kabla yako. Na akitokea mtu kukuomba, hata awe nani, ondoa kidole kwenye kitufe umsikilize. Mimi sikumwuliza hata majina ya wanawe.